Kifutu tunamjua kwa jina, aliyeumwa hatujamuandika

Wengi wameniomba niyaweke kwa maandishi yale niliyoongea na wanafunzi wa chuo cha afya kuhusu kuumwa na nyoka, nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipokuwa narudia rudia.

Marahaba wanangu, marahaba, kaeni. Mkuu wa chuo, walimu, na nyie mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni sana kunialika. Barua ya mwaliko ilisema niongelee mambo ambayo watafiti hawajayagusa. Sasa hayo ni mengi na kila mmoja ana la kwake, mi nitaongelea moja tu ambalo nimekaa nalo kazini miaka 31 kama nesi wa zahanati, nalo ni kuumwa na nyoka.

Naona kuna watu wanatazamana. Najua, mmefundishwa malaria, mmefundishwa kifua kikuu, ukimwi, presha, kisukari, na kwenye nyoka pengine mwalimu alipita nusu saa siku ya Ijumaa. Simlaumu, hata kitabu alichokuwa nacho kilikuwa na ukurasa mmoja.

Niwape kisa. Mwaka 1994 nilikuwa nina miaka miwili tu kazini, zahanati ndogo huko kusini, mkoa wa Lindi, ndani ndani. Ilikuwa msimu wa korosho, watu wote mashambani, hata watoto wa shule. Asubuhi nafungua mlango nakuta baiskeli imeegeshwa ukutani na mama mmoja amekaa kwenye kibaraza, mkono wa kulia kaulaza juu ya paja kama mzigo wa mtu mwingine. Mkono umevimba mpaka begani, ngozi inang'aa, vidole vimekuwa kama ndizi, malengelenge yana maji meusi ndani, alafu juu kidogo ya kiwiko wamemfunga mpira wa baiskeli, ule wa tyubu, wameukaza mpaka umezama kwenye nyama. Kaumwa jana yake jioni. Usiku kucha walikuwa kwa mganga, kachanjwa, kawekewa jiwe la nyoka, na kulipokucha hali imekuwa mbaya zaidi ndo mumewe akampakia kwenye baiskeli.

Sikuwa na kitu. Tulilegeza ule mpira taratibu, nikamtundikia dripu, nikampa dawa ya maumivu, alafu tukakaa barabarani kusubiri gari, likaja lori la korosho saa nane mchana. Wiki kadhaa baadaye nikasikia mkono umekatwa juu ya kiwiko. Alipona, namshukuru Mungu kwa hilo, ila mkono wa kulia kwa mama anayelima, anayepika, anayebeba mtoto, nyie wenyewe mnajua.

Sasa sikilizeni kitu ambacho kimenifanya nije hapa. Kwenye daftari la zahanati siku ile niliandika jina, umri, kijiji, alafu nikaandika "kaumwa na nyoka", nikapiga mstari, "rufaa". Maneno matatu na rufaa. Nyoka gani, sikuandika. Saa ngapi, wapi, alikuwa anafanya nini, walimfanyia nini kabla hajaja, sikuandika. Alipona au alikufa, hakuna sehemu ya kuandika, na hata ingekuwepo nisingejua maana akishapanda lori basi.

Miaka 15 mbele nikakutana nae msibani. Tumekaa kwenye mkeka nikamuuliza, mama, hivi siku ile ilikuwaje? Akanieleza kila kitu kama vile ilikuwa jana. Kwamba ilikuwa kabla ya magharibi, alikuwa anafukua majani makavu chini ya mkorosho kuokota korosho zilizoanguka, akasikia sauti kama mtu anajaza upepo na pampu ya baiskeli, akadhani ni mtoto wake yuko nyuma anacheza, akaendelea kufukua, mara akahisi kama moto. Akamuona. Mfupi, mnene kama mkono wa mtu mzima, kichwa kipana, michoro ya mshazari mgongoni, na hakukimbia, alibaki palepale. Ni kifutu yule, nyie wa pwani mnamwita moma au bafe. Kila kitu alikuwa nacho kichwani miaka 15, hakuna mtu aliyemuuliza, na mtu wa kwanza kutomuuliza nilikuwa mimi.

Ndo maana nikisikia watu wanasema "hakuna data" roho inaniuma. Data zipo. Zimekaa kwenye vichwa vya watu vijijini, nyingine zimezikwa nao.

Tuende kwenye namba. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 5.4 wanaumwa na nyoka kila mwaka duniani, wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7, na wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000. Wanaobaki na kilema au kukatwa kiungo ni kama mara tatu ya wanaokufa. Haya, rudini kwenye ile namba ya vifo. Toa 81,000 kwenye 138,000. Inabaki 57,000. Yaani kuna watu elfu hamsini na saba kila mwaka ambao dunia nzima na kompyuta zake zote haiwezi kusema kama wamekufa kwa nyoka au wapo. Uwanja mzima wa Taifa ujae, hatujui. Mtu akikuuliza pengo la utafiti maana yake nini mwambie ni hilo, wala usihangaike na maneno makubwa.

Na tusidhani ni sisi tu. India kwa miaka mingi takwimu rasmi za hospitali zilikuwa zinataja vifo vichache sana vya nyoka, watu wakawa wanaziamini. Wakaja watafiti wakafanya kitu cha kawaida kabisa, hawakwenda na mashine, walituma watu nyumba kwa nyumba sehemu zaidi ya 6,000 walizozichagua kwa bahati nasibu, wanauliza, hapa kwenu kuna mtu alifariki? alifarikije? wanaandika maelezo, alafu madaktari wawili kila mmoja kivyake anasoma na kuamua chanzo. Matokeo yakatoka 2011: kwa mwaka 2005 peke yake waliokufa kwa nyoka India walikadiriwa kuwa karibu 46,000, zaidi ya mara 30 ya zile namba za hospitali. Mara thelathini! Na sababu ni ileile ya kwetu, wengi walifia nyumbani hawakufika hospitali, na asiyefika hospitali haingii kwenye daftari, na asiyeingia kwenye daftari wizara haimuoni, na wizara isipomuona haiweki bajeti, na bajeti isipokuwepo dawa haiji, na dawa isipokuwepo mtu anaona kwenda hospitali kupoteza nauli tu bora aende kwa mganga, basi inazunguka hivohivo.

Hiyo dawa yenyewe sasa. Wangapi mmeshawahi kuona kichupa cha antivenomu kwa macho yenu? Nyosheni mikono. Naona mitatu, minne. Haya.

Antivenomu inatengenezwa hivi: unakamua sumu ya nyoka, unamchoma farasi kidogo kidogo kwa miezi, mwili wa farasi unajifunza kupambana na ile sumu, alafu unatoa damu ya farasi unachuja zile kinga. Njia hii aliianzisha Mfaransa Albert Calmette miaka ya 1890. Ndio, tisini ya karne ile nyingine, zaidi ya miaka mia kabla simu haijafika vijijini kwetu. Mpaka leo zile zinazotumika hospitalini bado zinatokana na farasi au kondoo kwa njia ya ukoo huohuo, zimesafishwa vizuri zaidi tu. Calmette aliamini seramu yake, yaani hiyo dawa ya damu ya farasi, inafaa kwa nyoka wote. Daktari mmoja wa Brazil, Vital Brazil, akaijaribu kwa nyoka wa kwao haikusaidia, akaonyesha kwamba kila kundi la nyoka linahitaji dawa yake, na akawa kiongozi wa kwanza wa taasisi ya Butantan kule São Paulo iliyoanza 1901. Kwa hiyo hili jambo la kwamba dawa ya nyoka wa Asia haimfai aliyeumwa na nyoka wa Afrika linajulikana zaidi ya miaka 120. Na bado Ghana na Chad zililetewa dawa zilizotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia, kwa kuwa zilikuwa za bei rahisi, na vifo vikaongezeka. Lebo ilisema antivenomu, mgonjwa akachomwa, nesi akaamini katoa dawa. Nafikiria wale manesi, walifanya kila walichofundishwa.

Ile iliyokuwa inasifika Afrika ilikuwa inaitwa Fav-Afrique, ya kampuni ya Sanofi ya Ufaransa, ilikuwa inafanya kazi kwa nyoka wa aina 10. Uzalishaji ulisimama 2014, na vichupa vya mwisho vikaisha muda wake Juni 2016. Sababu ni kwamba haikuwa na faida. Wateja wake ni nani? Ni yule mama wa kwenye kibaraza.

Jambo hili sio la nyoka peke yake, ngoja nipite haraka kwenye malale maana kuna kitu kinanikera. Kulikuwa na dawa ya malale, melarsoprol, toka 1949, ina aseniki, ile sumu kali, ndani yake, ilikuwa inaua karibu mgonjwa mmoja kwa kila ishirini wanaotibiwa, mgonjwa anaambiwa chagua, ugonjwa ukuue au dawa pengine ikuue. Ikaja nyingine nzuri zaidi, eflornithine, kwa malale ile ya magharibi na kati ya Afrika, lakini miaka ya 1990 utengenezaji wake kwa ajili ya malale ukaachwa, hailipi. Iliporudi 2001 kwa makubaliano na Shirika la Afya Duniani, moja ya vilivyosaidia irudi ni kwamba dawa hiyohiyo ilishagundulika inazuia nywele za usoni, ikawa krimu ya wanawake nchi tajiri. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na wengine walipiga kelele sana ndo watu wa Kongo na Sudan Kusini wakaipata. Kuna watu walikaa wakahesabu dawa mpya zote zilizotoka duniani kuanzia 1975 mpaka 1999, wakapata 1,393, na za magonjwa ya ukanda wa joto pamoja na kifua kikuu zilikuwa 16. Kumi na sita.

Narudi kwenye nyoka wangu.

Kule Newala, kusini hukohuko, zamani aliishi Mwingereza mwenye asili ya Kiyunani, Constantine Ionides, watu walimwita Bwana Nyoka, alifariki 1968. Alikuwa anakamata nyoka wakali kwenye mikorosho na miembe wanapelekwa kwenye bustani za wanyama na maabara ng'ambo. Simsemi vibaya, wazee wengi wanamkumbuka kwamba ukimuita aje kutoa nyoka anakuja. Ninachosema ni kwamba nyoka wa Newala walishapanda ndege, walishapimwa urefu, walishahesabiwa magamba yao moja moja, na wanavijiji walioumwa na nyoka haohao hakuna aliyewahesabu hivo.

Mnaweza kuniuliza, mama, sasa nini hasa hakijulikani? Mengi tu. Hatujui vizuri sumu ya kifutu wa Lindi inatofautiana kiasi gani na ya kifutu wa Baringo kule Kenya au wa Sudan, na sumu inaweza kutofautiana hata kwa nyoka wa aina moja kulingana na eneo na umri. Hatujui vichupa vingapi vinatosha kwa mtoto wa miaka mitano aliyeumwa na swila akaletwa masaa kumi baadae. Hatujui watu wanaishije baadae, na hili linaniuma kuliko mengine, kwa sababu mgonjwa akitoka wodini tunaandika "kapona". Yule mama alikaa misimu miwili haingii shambani, kila jani kavu likilia anaruka, mumewe akaona mvivu. Huo ni ugonjwa, lakini ukitafuta utafiti juu ya hofu na usingizi na maisha ya watu walioumwa na nyoka utakuta ni mchache mno.

Na mitishamba. Najua humu ndani wapo wenye babu anayetibu nyoka, na mi nawaheshimu wazee. Tafiti za mitishamba ya nyoka zipo, ila someni kwa makini jinsi zilivyofanywa. Nyingi wanachukua sumu wanaichanganya na mti kwenye chupa kwanza, wanakaa nayo, ndipo wanamchoma panya. Panya akipona wanasema mti unatibu. Wanangu, nani huko shambani anaumwa na nyoka ambaye sumu yake imeshachanganywa na dawa? Sumu inaingia kwanza, dawa inakuja baada ya masaa. Utafiti unaofuata njia hiyo ya kweli ndo adimu, na ukifanyika vizuri jibu lolote litakalotoka litawasaidia wagonjwa, hata likiwa la kwamba mti hauna kitu.

Habari njema zipo pia, nisiwakatishe tamaa. Juni 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya juu ya magonjwa yaliyosahaulika, 2018 mkutano wa nchi zote ukapitisha azimio, 2019 ukatoka mkakati wa kupunguza vifo na vilema kwa nusu ifikapo 2030. Na jirani zetu hapo Kilifi, Kenya, watu wazima wenye afya zao walijitolea kumeza dawa inaitwa unithiol, ni dawa ya zamani ya watu waliopata sumu ya madini kama zebaki, kuona kama ni salama itumike kwa nyoka, kwa sababu sumu za baadhi ya nyoka zinahitaji zinki ili zifanye kazi na hii dawa inainyang'anya ile zinki. Fikirieni maana yake, dawa ya kumeza, haihitaji nesi, unampa mtu palepale chini ya mkorosho alafu ndo mnatafuta bodaboda. Bado ni mwanzo, hatujafika. Lakini mnaona ilipofanyika? Sio London. Ni Kilifi.

Sasa kitu cha kufanya, maana sikuja kulalamika tu. Kuna kipimo ambacho hakihitaji umeme. Unachukua damu ya mgonjwa kama mililita mbili, unaweka kwenye kichupa cha kioo kisafi na kikavu, unakiacha mezani bila kukitikisa dakika 20 kamili, alafu unakiinamisha mara moja. Damu ikiwa imeganda vizuri, sawa. Ikimwagika kama maji, sumu imeshaharibu mfumo wa kugandisha damu, huyo mgonjwa ni wa kukimbia nae. Kiwe kioo, plastiki itakudanganya, na kisiwe kimeoshwa na sabuni kwa sababu nayo itakudanganya. Dakika ni 20, sio 15 kwa kuwa foleni ni ndefu. Kaeni nayo, muangalie saa. Nilijifunza kipimo hiki nikiwa na miaka 18 kazini na nikajiuliza wangapi niliwaambia "subiri tuone" na jibu lingekuwa kwenye kichupa mezani kwangu.

Na mambo yaleyale msichoke kuyasema kijijini, usichanje, usifunge kamba, usinyonye, vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, mgonjwa atulie, kiungo kisitikiswe, kituo cha afya haraka. Swila akitema machoni ni maji mengi, maji tu.

La mwisho ni hili daftari nililoshika. Ni kaunta buku ya kawaida ya dukani. Nililianza baada ya ule msiba, na hata baada ya kustaafu naendelea nalo, watu wananipigia simu. Nimechora mistari kwa rula: tarehe, saa, mwanamke au mwanaume, umri, alikuwa anafanya nini, kiungo gani, nyoka kwa jina la kienyeji na alivyoonekana, huduma ya kwanza aliyopewa, muda aliofika kituoni, alichotibiwa, na safu ya mwisho, hali yake baada ya miezi mitatu. Majina sijaandika, ni namba tu. Hakuna aliyenituma wala projekti iliyonilipa. Siku moja alikuja kijana anasoma digrii ya pili akaomba kuona, akakaa kwangu siku mbili ananakili, hata chai alikuwa anasahau kunywa.

Nitalipitisha, anzeni mstari wa mbele, mlishike vizuri gamba linatoka. Fungueni ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Mtaona mwanaume, anatoka shambani, mguu wa kushoto juu ya kifundo, kifutu, saa moja usiku, kafungwa kitambaa, kafika kituoni saa saba usiku kwa bodaboda. Safu ya mwisho iko wazi, miezi mitatu inatimia wiki hii. Jumamosi naenda kwake kumuuliza, na kama kuna wawili watatu kati yenu wanataka kuja, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.